Moyo wa Kima: Safari ya fantasia kutoka mkuyuni hadi kwenye skrini

Machi 1939, profesa mmoja wa Oxford, J.R.R. Tolkien, alitoa mhadhara katika Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland, kuhusu hekaya za maajabu. Alikuwa amekwisha kuchapisha The Hobbit miaka miwili kabla, na alikuwa ameanza kuandika kitabu kilichokuja kumpa jina duniani kote, The Lord of the Rings. Mhadhara huo ulichapishwa kama insha mwaka 1947, na hadi leo wanaoichunguza fantasia kwa dhati huanzia hapo. Ndani ya insha hiyo kimo kisa cha kwetu: kisa cha kima na papa.

Kisa chenyewe twakijua. Kima alikaa juu ya mkuyu kando ya bahari, na kila papa alipopita alimtupia tunda. Urafiki ukakua hata papa akamwalika kwao. Kima akampanda mgongoni. Walipofika katikati ya maji, papa akamwambia ukweli: sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hakubabaika. Akajibu kwamba laiti angeambiwa mapema, maana kima wakisafiri huiacha mioyo yao mitini. Papa akageuka, akamrudisha pwani, na kima akarukia tawi lake, akabaki huko.

Edward Steere, mmisionari aliyekuja kuwa askofu, alikiandika kisa hicho Zanzibar na kukichapisha mwaka 1870 katika Swahili Tales. Andrew Lang, mkusanyaji mashuhuri wa hekaya kutoka Scotland, akakitia katika The Lilac Fairy Book mwaka 1910. Hicho ndicho kitabu anachokitaja Tolkien. Uamuzi wake ulikuwa kwamba hiki ni kisa cha wanyama na ujanja wao, kwa hiyo hakimo hasa katika kundi la hekaya alizokuwa akizitetea. Hata hivyo alisimama kwenye jambo moja: uongo wa kima umejengwa juu ya wazo la kale sana, kwamba moyo au uhai wa kiumbe waweza kuwekwa mahali pengine, nje ya mwili wake.

Na kisa hicho nacho kilikuwa msafiri. Huko India, katika Panchatantra, yumo kima na yumo mamba. Kwetu pwani mamba amegeuka papa, na mti umekuwa mkuyu. Hadithi zilivuka bahari pamoja na watu na bidhaa, na kila bandari ilizivisha nguo yake.

Sheria husafiri, picha hubaki

Lifuate wazo hilo la moyo ulio nje ya mwili, uone lilikofika. Katika The Lord of the Rings, kilichotoka kwa juzuu tatu mwaka 1954 na 1955, Sauron ametia sehemu kubwa ya nguvu zake ndani ya pete. Pete ikiwapo, hawezi kuangamizwa kabisa. Pete ikiyeyuka, ameanguka. Katika vitabu saba vya Harry Potter vya J.K. Rowling, vilivyotoka kati ya 1997 na 2007, Voldemort ameipasua roho yake na kuvificha vipande ndani ya vitu mbalimbali, na hafi mpaka vyote viharibiwe. Katika mchezo wa Dungeons & Dragons yumo mchawi mfu aitwaye lich, aliyefungia roho yake ndani ya chombo. Ukiuharibu mwili wake bila kukigusa chombo, umejisumbua bure, atarudi.

Hayo ni maumbo tofauti yaliyopishana kwa miaka mingi, vitabu na mchezo, na sheria iliyoyashika ni ya aina moja. Hapa ndipo penye kiini cha fantasia. Watu wengi hudhani ni fani ambamo lolote laweza kutokea. Kama lolote lingeweza kutokea, msomaji asingemwogopea shujaa hata dakika moja, maana angejua mwandishi atatoa muujiza wowote autakao. Fantasia hushika pale inapojiwekea sheria na kuitii: uchawi huu hufanya hili, haufanyi lile, na anayeutumia hulipa bei hii. Pete ya Sauron humficha anayeivaa machoni pa watu, lakini huula moyo wake kidogo kidogo. Mtoto huyaelewa hayo bila kufundishwa, na mtu mzima huyakumbuka baada ya kusahau majina ya wahusika.

Kutoka kitabuni hadi mezani

Aliyetaka kuona sheria hizo zikigeuzwa hesabu angekwenda Lake Geneva, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin, Marekani. Huko, mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, toleo la kwanza likiwa na nakala 1,000 tu. Ulikuwa mchezo wa mezani uliotokana na michezo ya vita inayochezwa kwa sanamu ndogo. Kila mchezaji alijitwalia mhusika mmoja: mpiganaji, mchawi, kasisi. Mmoja wao alikuwa msimulizi, mwenye kuushika ulimwengu wote kichwani. Nguvu, wepesi, akili na uhai wa mhusika viliandikwa kwa namba, na jambo lenye shaka liliamuliwa kwa dadu, ikiwemo ile maarufu ya pande 20.

Waasisi hao walikuwa wasomaji kabla ya kuwa wabunifu wa michezo. Kutoka kwa Tolkien walipata watu wafupi, miti itembeayo na mazimwi ya vitani. Kutoka kwa mwandishi Jack Vance walipata sheria ya uchawi: afsuni ikishatumiwa hutoweka kichwani mwa mchawi, na hana budi kuihifadhi upya. Mchezaji analazimika kufikiri kabla ya kutamka. Bei imewekwa, na bei ndiyo inayoleta mvutano.

Vijana waliocheza mchezo huo vyuoni waliuhamishia kwenye kompyuta. Mwaka 1981 Marekani ilitoa Ultima na Wizardry. Wajapani wakaipokea fani hiyo na kuipa sura yao: Yuji Horii akatoa Dragon Quest mwaka 1986, na Hironobu Sakaguchi akatoa Final Fantasy mwaka 1987. Mwaka 2023 kampuni ya Larian ya Ubelgiji ilitoa Baldur's Gate 3, uliotwaa tuzo ya mchezo bora wa mwaka. Humo mchezaji akitaka kumshawishi mlinzi amfungulie lango, dadu ya pande 20 huviringika mbele yake kwenye skrini. Ni sheria zilezile za mezani, zimevikwa sauti za waigizaji na mwanga wa kisasa.

Wapolandi na Wachina walivyofanya

Mfano unaotufaa sana sisi unatoka Polandi. Katikati ya miaka ya 1980 Andrzej Sapkowski, aliyekuwa na kazi ya biashara na hakuwa mwandishi wa kujulikana, alipeleka hadithi fupi kwenye shindano la jarida la Fantastyka. Aliiandika kwa Kipolandi, akachota katika imani za kale za watu wake. Binti wa mfalme amezaliwa na laana. Amekuwa strzyga, kiumbe alalaye jenezani na kutoka usiku kula watu. Sheria ya kuiondoa laana ni moja: azuiwe kurudi jenezani mpaka jogoo awike mara ya tatu. Geralt, mwindaji wa mazimwi, anajitolea kukesha naye.

Hadithi hiyo ilishika nafasi ya tatu, ikachapishwa mwaka 1986. Ilizaa nyingine, kisha riwaya. Mwaka 2007 kampuni ya CD Projekt ya hukohuko Polandi ilitoa mchezo wa The Witcher, na filamu ya kuufungua ni pambano lile la usiku mmoja. Mwaka 2019 Netflix ikalisimulia tena katika tamthilia yake. Kitabu, mchezo, tamthilia: jeneza ni lilelile, na mpaka wa alfajiri ni uleule. Mamilioni ya watu wasioweza kusema neno moja la Kipolandi sasa wanaijua strzyga.

Kisa hicho kina funzo la pili kwa waandishi wetu. Sapkowski alipouza haki za kazi yake kwa watengenezaji wa mchezo alichagua kulipwa fedha za mkupuo badala ya sehemu ya mapato, kwa kuwa hakuamini mchezo huo ungefika mbali. Ulipofanikiwa, mwaka 2018 alidai nyongeza kupitia mawakili wake, na mwaka uliofuata pande mbili zikafikia makubaliano mapya. Mwandishi asiuze kwa siku moja kile kitakachoishi miaka.

China nayo imethibitisha kwa ukubwa wa kutisha kwamba hadithi ya nyumbani yaweza kuvuka mipaka. Agosti 20, 2024, studio ya Game Science ilitoa Black Myth: Wukong, mchezo uliotokana na Safari ya Magharibi, riwaya ya karne ya 16 kuhusu tumbili mwenye uwezo wa kugeuka maumbo 72. Katika siku tatu za kwanza ziliuzwa nakala zaidi ya milioni 10. Tumbili huyo ana nguvu za kupindua mbingu, lakini kichwani amevishwa taji la dhahabu linalombana mtawa anapolisomea maneno yake. Hapo tena, nguvu na bei yake.

Sheria ikilegezwa, mashabiki huondoka na uchungu. Tamthilia ya Game of Thrones ya HBO, iliyorushwa kuanzia 2011 hadi 2019, ilitegemea vitabu vya George R.R. Martin. Ilipofika mahali vitabu vilipokomea, safari zilizochukua miezi katika misimu ya mwanzo zikaanza kumalizika kwa usiku mmoja, na watazamaji wakalalamika. Ursula Le Guin naye aliandika A Wizard of Earthsea mwaka 1968, riwaya ya visiwa vingi, vyombo vya tanga na mchawi kijana mwenye ngozi ya hudhurungi. Mwaka 2004 televisheni moja ya Marekani ilipoigeuza tamthilia, ikampa nafasi hiyo mwigizaji mweupe. Le Guin alipinga hadharani kwa maandishi. Alijua kwamba rangi za watu wake hazikuwa pambo. Zilikuwa sehemu ya ulimwengu aliouumba.

Hazina iliyo mikononi mwetu

Sasa turudi pwani, tuhesabu tulicho nacho.

Katika mkusanyiko uleule wa Steere kimo kisa cha Sultani Majnun na paka wake. Paka alianza kwa kula mifugo. Watu wakalalamika, sultani akasema paka ni wake na mifugo ni yake. Paka akahamia kwa wanyama wakubwa zaidi, kisha watu, na sultani akashikilia jibu lake, mpaka mnyama huyo, ambaye sasa ni Nunda, mla watu, akawaua wana wa sultani mwenyewe. Mtoto mdogo wa sultani, aliyedharauliwa kwa kushinda jikoni, akaapa kumsaka. Akaua mbwa, akamletea mama yake akiimba. Mama akamjibu kwa wimbo kwamba huyo siye. Akaua fungo, siye. Punda milia, twiga, kifaru, tembo, siye. Kila mara mnyama ni mkubwa kuliko aliyetangulia, na kila mara kijana anarudi porini akiwa amejifunza zaidi, mpaka anapomkuta Nunda mwenyewe.

Yeyote aliyewahi kushika padi ya PlayStation anautambua mpangilio huo: adui mdogo, adui mkubwa zaidi, na mwisho zimwi lenyewe. Wasimulizi wa Zanzibar waliujenga zaidi ya miaka 100 kabla ya kompyuta kuingia majumbani, na wakautia funzo la utawala ambalo michezo mingi haina: zimwi hilo lililelewa na mtawala aliyekataa kusikia malalamiko ya watu wake.

Tunaye Fumo Liyongo, shujaa wa upande wa Pate na delta ya Mto Tana, ambaye Muhammad Kijumwa wa Lamu alimtungia utenzi mwaka 1913. Hauawi kwa mkuki wala mshale. Kinachomuua ni sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Anafungwa gerezani, mama yake anamfichia tupa ndani ya mkate wa kumvi, walinzi wanaula mkate mzuri na kumwachia mbaya, naye anakata minyororo huku ngoma ikilia nje na kufunika sauti ya tupa. Mwishowe mwanawe mwenyewe, aliyehongwa kwa ahadi ya ndoa, ndiye anayeipata siri ya sindano. Hata baada ya kufa, Liyongo amebaki amepiga goti kisimani na upinde mkononi, na mji mzima unaogopa kwenda kuteka maji. Mtunzi gani wa Oxford au Tokyo angetaka zaidi ya hayo?

Shaaban Robert aliifanya fantasia kuwa kazi ya maandishi. Kusadikika, iliyochapishwa mwaka 1951, ni nchi iliyo angani, na wajumbe wake wanatumwa pande nne za dunia, kisha mbinguni na ardhini, kutafuta mema ya kuijenga. Kila anayerudi na habari njema anatupwa kifungoni. Mwaka uliofuata ikatoka Adili na Nduguze, yenye ndugu wawili wenye husuda waliogeuzwa manyani, na Adili analazimika kuwapiga mijeledi kila usiku kwa amri ya jini, huku moyo wake ukiumia. Kisa hicho kinafanana na kimoja cha Alfu Lela U Lela ambamo ndugu waligeuzwa mbwa. Shaaban Robert alikipokea, akakipa majina na maadili yetu. Mwaka huohuo, 1952, Amos Tutuola wa Nigeria alitoa The Palm-Wine Drinkard. Kwa hiyo Afrika ilikuwa na fantasia yake vitabuni kabla juzuu la kwanza la The Lord of the Rings halijatoka.

Waliofuata hawakulala. Katama Mkangi alimrusha mhusika wake angani katika Walenisi, mwaka 1995. Said Ahmed Mohamed alimtoa mzee kaburini katika Babu Alipofufuka, na Kyallo Wadi Wamitila akaizungusha dunia nzima katika Bina-Adamu!. Lugha imeonyesha kwamba inaweza pia kubeba maajabu ya wengine: Alice wa Lewis Carroll alivaa Kiswahili mwaka 1940, na mwaka 2015 Ida Hadjivayanis akamtafsiri upya.

Vibanda, vinyago viwili, na pengo

Wapenzi wa fantasia hawajawahi kupungua kwetu. Kwa miaka mingi vibanda umiza vya Dar es Salaam na vya Nairobi vilijaa watu waliolipa kuona majoka, mapanga ya moto na watu warukao juu ya mapaa, huku wasimulizi kama Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya wakiwapa wahusika maneno ya Kiswahili na utani wa mtaani. Bongo Movie nayo ilikuwa na filamu zake za majini na mizuka. Hamu ipo, na imekuwapo muda mrefu.

Aprili 2024 ulitoka mchezo unaotuhusu moja kwa moja. Tales of Kenzera: Zau umebuniwa na Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, ambaye sauti yake wachezaji waliijua tangu mwaka 2017 kwa uhusika wa Bayek katika Assassin's Creed Origins. Alifiwa na baba yake, na mchezo huo ndio maombolezo yake. Zau, mganga kijana, anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, na kufanya naye mapatano: amletee roho tatu kubwa zilizokataa kuondoka, naye amrudishie baba. Amebeba vinyago viwili, cha jua na cha mwezi, kila kimoja na uwezo wake. Roho hizo zimetoka sehemu mbalimbali za Afrika, akiwemo Impundulu, ndege wa radi wa kusini. Na mchezaji anaweza kuchagua kuusikia wote kwa Kiswahili. Mwaka mmoja kabla, Disney+ ilikuwa imeonyesha Kizazi Moto, mkusanyiko wa filamu fupi 10 za katuni kutoka Afrika, zikiwemo Enkai ya Ng'endo Mukii wa Kenya na Herderboy ya Raymond Malinga wa Uganda.

Wako wazazi na viongozi wa dini wanaozitazama hadithi hizi kwa hofu, na hofu yao ina sababu. Katika nchi zetu imani za uchawi zimemwaga damu ya kweli: vikongwe wa Kanda ya Ziwa nchini Tanzania wameuawa kwa sababu ya macho yao mekundu, na watu wenye ualbino wamekatwa viungo. Lakini wauaji hao hawakufundishwa na fantasia. Wao waliamini kwamba utajiri unapatikana bila kulipa, kwamba damu ya mwingine ndiyo njia ya mkato. Fantasia nzuri husema kinyume chake kwa sauti kubwa: kila nguvu ina bei, na anayemlipisha mwingine bei hiyo ndiye zimwi. Mtoto aliyekua na Nunda na Hasidi, mmoja wa wale ndugu wa Adili, ana kinga ambayo hotuba haimpi.

Pengo letu liko vitabuni. Mchezo wa Wapolandi ulikuja miaka 21 baada ya hadithi fupi ya Sapkowski. Wukong alisubiri karne nne, lakini kitabu kilikuwapo, kinasomwa. Kwetu Kusadikika na Utenzi wa Liyongo vimebaki kwenye orodha za mitihani. Mwanafunzi huvichambua maudhui na fani, hupata alama zake, huvifunga. Wachapishaji wengi huishi kwa soko la shule, na riwaya ya kijana apendaye majini, mapanga na nchi za angani haipati mlango. Tuzo ya Nyabola, inayoshindanisha hadithi fupi za kubuni za vijana wanaoandika maajabu na sayansi kwa Kiswahili, imeonyesha kwamba waandishi wapo. Wanachokosa ni rafu za maduka ya vitabu.

Kwa hiyo ombi langu ni la wazi. Wachapishaji watenge mfululizo mmoja wa fantasia ya Kiswahili kwa wasomaji wa miaka 12 hadi 18, usio wa mtihani, kwa bei ambayo mwanafunzi anaimudu. Vijana wanaojifunza kutengeneza michezo Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Mombasa waanze na kisa kimoja kidogo, kama cha mtoto wa jikoni na Nunda, kabla ya kuota ulimwengu mzima. Waandishi wasome mikataba yao mara mbili, na wasiuze haki za mchezo na filamu pamoja na haki za kitabu. Walimu wawaachie wanafunzi kipindi kimoja wabuni nchi yao wenyewe, na swali la kwanza liwe: sheria yake ni ipi, na anayeivunja hulipa nini? Wazee walisema mcheza kwao hutunzwa. Hazina ya kuchezea tunayo. Kinachotakiwa ni tuiandike, tuinunue na tuicheze kwa lugha yetu.